Alteneta Haina Kosa: Kutafuta Ugonjwa wa Chaji kwenye Land Rover ya Zamani

Ndani ya mwaka mmoja Land Rover yangu ya Series III ilivalishwa alteneta tatu, yaani zile mashine za kuchaji betri. Ya kwanza ilikuwa yake yenyewe, imeriwaindiwa, yaani imesukwa nyaya upya. Ya pili mtumba. Ya tatu mpya, ndani ya boksi. Kila mara mambo yalikwenda vilevile: siku tatu nne safi kabisa, halafu asubuhi moja unapiga stata, inakujibu "kwi" mara moja, unaanza kutafuta vijana wa kusukuma.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi wa matrekta, na siku hiyo hata mita hakuwa nayo. Aliniambia, "Hebu piga stata, mwanangu," akashika waya wa choki pale unapoingilia kwenye kabureta. Akautoa mkono upesi, akacheka. "Njoo ushike mwenyewe." Ulikuwa wa moto kama mpini wa kikaango.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Moto wa stata huingia kwenye injini kwa waya mnene, lakini lazima urudi betri, na hurudi kupitia chuma cha injini, halafu mkanda wa ethi unaounganisha injini na chasi. Mkanda wangu ulikuwa umeliwa na kutu chini ya bolti, kwa nje unaonekana mzima. Umeme ukajitafutia njia nyingine ya kurudi nyumbani, ukaipata kwenye waya wa choki. Alteneta nayo imefungwa kwenye injini hiyohiyo, kwa hiyo chaji yake yote ilikuwa ikipita kwenye kichochoro hichohicho. Tatu zile zilihukumiwa bure.

Ndiyo maana katika mwongozo huu kufungua alteneta kunakuja karibu na mwisho. Kwanza tunapima.

Ujue una mashine gani

Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na nyingi zilitoka na alteneta ya Lucas, hasa 16ACR ya ampia 34. Reguleta yake, kile kifaa kinachodhibiti volti, imo ndani, nyuma, chini ya kifuniko cheusi cha plastiki. Zilizotangulia, Series II na IIA, nyingi zina dinamo, mashine ya chaji ya kizamani, ya C40 yenye ampia 22 tu, pamoja na kile kiboksi cha kudhibiti chaji kwenye ukuta wa injini ambacho mafundi wetu wanakiita katauti. Dinamo ina sehemu yake huko chini.

Kuna mtego hapa. Land Rover za kabla ya 1967 hivi zilikuwa na ethi chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chasi. Nyingi zimeshabadilishwa, lakini usibahatishe. Fuata kwa macho waya wa betri unaokwenda kwenye chasi, usome alama kwenye kichwa cha betri. Ukifunga alteneta ya kawaida kwenye gari la ethi chanya, daiodi zake, vile vifaa vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zinaungua papo hapo.

Kama gari lako ni Peugeot 504, Datsun au Volkswagen ya mgongo wa kobe, hatua ni hizihizi. Kinachobadilika ni mahali reguleta ilipo na rangi za nyaya.

Zana, na onyo moja

Mita ya dijitali ya kawaida inatosha, ilimradi isome volti mpaka sehemu ya mia: 14.23, si 14 peke yake. Ongeza balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili, brashi ya waya, msasa laini, na spana za inchi. Namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza kidogo, na ukikaza kwa nguvu inakula pembe. Nati nyingi za mviringo unazokutana nazo kwenye magari haya ziliharibiwa hivyo.

Vua pete na saa, kunja mikono ya shati. Feni haina adabu.

Sasa onyo: usichomoe betri injini ikiwa inanguruma. Enzi za dinamo, fundi alikuwa akichomoa kichwa cha betri kama kipimo. Gari likiendelea kuwaka, dinamo nzima, likizima, mbovu. Mchezo huo ukarithiwa mpaka kwenye alteneta, ambayo haiuwezi. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka na kuchoma daiodi au reguleta, na hapo umeshatengeneza ugonjwa ambao haukuwepo. Fundi akinyoosha mkono kwenye betri huku injini inawaka, mzuie kwa heshima.

Soma taa ya chaji

Taa nyekundu ya dashibodi inajua mengi kuliko watu wanavyodhani. Kibalbu chake ni cha wati 2.2 tu, lakini moto unaopita ndani yake ndio unaoamsha sumaku ya rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya alteneta. Kikiungua, alteneta inaweza kuendelea kulala mpaka urushe injini juu, au isiamke kabisa. Nimeona mtu akinunua alteneta kwa sababu ya balbu isiyofika bei ya soda.

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa lazima iwake. Isipowaka, chomoa plagi ya nyuma ya alteneta. Ina miguu mitatu: miwili mipana ya nyaya nene za kahawia, mmoja mwembamba wa waya wa kahawia wenye mstari wa njano. Huo mwembamba uguse kwenye chuma cha injini. Taa ikiwaka, balbu na waya ni wazima, na kasoro imo ndani ya alteneta: kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota) zimekwisha, rota imekatika au reguleta imekufa. Isipowaka hata hapo, tafuta balbu au waya uliokatika kabla ya kufungua kitu kingine. Ile miguu mipana usiiguse kwenye chuma hata kwa bahati mbaya, kwa sababu ina moto wa betri moja kwa moja, hata swichi ikiwa imefungwa.

Washa injini. Taa ikizima kabisa ni dalili njema, lakini bado si ushahidi. Yangu ilikuwa ikizima vizuri miezi yote ile. Ikibaki inawaka kwa nguvu, hakuna chaji: angalia mkanda wa feni kwanza. Ikififia ikabaki kama kaa la sigara, ikiongezeka kidogo ukikanyaga mafuta, basi pande zake mbili hazilingani volti. Mara nyingi ni daiodi moja, au ukinzani kwenye waya mkuu. Na ikiwaka gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni, kuna daiodi iliyopenya, na betri inanyonywa wakati unasoma sentensi hii. Chomoa plagi ya alteneta usiku huohuo.

Betri kabla ya kulaumu yeyote

Betri mbovu humfanya kila mtu aonekane mwizi. Ipime asubuhi kabla hujawasha gari. Kama gari limetoka kutembea, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, ndipo upime. La sivyo utasoma chaji ya juujuu tu. Volti 12.6 na kuendelea ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imeshaisha kwa matumizi yoyote ya maana.

Kisha ipime chini ya mzigo. Chomoa waya mnene wa katikati ya koili na uufunge kwenye ethi ili injini isiwake, weka mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, mtu apige stata kwa sekunde kumi. Isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka, ichaji kwa mashine usiku kucha urudie. Ikishuka tena, betri hiyo imekwisha, na hakuna alteneta itakayoifufua.

Kama vifuniko vya seli vinafunguka, haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri, inasema ukweli zaidi. Seli iliyojaa husoma karibu 1.28. Seli tano zikisoma 1.26 na ya sita 1.15, hiyo ya sita ndiyo mgonjwa wako. Ukiona maji yamekwenda chini, ongeza maji ya betri tu, si ya bomba, na usichungulie ndani na sigara mdomoni, kwa maana betri inayochajiwa inatoa haidrojeni. Huku kwetu pwani joto linakausha seli haraka, kwa hiyo angalia kila mwezi.

Mkanda wa feni hauna maneno mengi. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya nafasi ndefu: ushuke kama milimita 10. Ukilia unapowasha taa kubwa, umelegea au umekuwa kioo. Usiukaze kama kamba ya gitaa, maana beringi ya alteneta na ya pampu ya maji ndizo zitakazolipa.

Kipimo cha kwanza cha chaji

Mita kwenye vichwa vya betri, risasi kwa risasi, si kwenye vibanio. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, utaona labda 13 na kitu. Ipandishe mpaka mizunguko 2,000 hivi, uache dakika moja. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.4. Sasa washa kila kitu: taa kubwa, waipa, hita kama ipo. Zisishuke chini ya 13.5.

Mita ikisoma ileile uliyosoma asubuhi, mathalani 12.4, hakuna kinachoingia. Ikipita 14.8 na kuendelea kupanda, reguleta imeachia. Utasikia harufu ya yai viza, maji ya betri yatachemka na balbu zitaanza kuungua mojamoja. Gari hilo lisitembee mpaka litengenezwe.

Kesi ngumu ni ya katikati: bila mzigo 13.9, ukiwasha taa 12.9. Hapo ndipo wengi hung'oa alteneta, wakaipeleka kwa fundi wa kuriwaindi, akaipima kwenye meza, ikatoa 14.2 na taa ya majaribio ikawaka kama jua. Inarudishwa kwenye gari, ugonjwa uleule. Fundi si mwongo, na alteneta si mbovu.

Kutafuta volti zinazopotelea njiani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na kipimo chake hakihitaji kufungua hata nati moja.

Chukua kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05. Mita ya mtaani haiwezi kuuona. Ukiiweka kwenye omu itakuonyesha sifuri au namba inayocheza, na utaapa kwamba waya ni mzima. Lakini pitisha ampia 20 kwenye kiungo hicho: volti 1 nzima inapotea, ikigeuka kuwa joto la wati 20. Alteneta inajiona ina 14.2 na inaridhika, betri inapata 13.2 na inakufa polepole. Kwa hiyo waya wa chaji haupimwi kwa omu gari likiwa limezimwa. Unapimwa ukiwa kazini, umebeba mzigo.

Washa taa zote, injini kwenye mizunguko 2,000, mtu akishikilia mafuta. Mita kwenye volti za DC.

Upande wa moto: ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi mpaka iguse mguu mpana wa alteneta, ncha nyeusi kwenye kichwa cha chanya cha betri. Mita haisomi volti za betri hapa. Inasoma zile zinazopotea kati ya vitu viwili. Hadi 0.3 ni salama. 0.8 ni ugonjwa.

Upande wa ethi: ncha nyekundu kwenye bodi tupu ya alteneta, kwaruza rangi kidogo, na nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri. Isizidi 0.2, na alama ya kutoa mbele ya namba isikusumbue. Siku nilipopima yangu nilisoma 1.34, nikakaa kimya pale barabarani kama mtu aliyeona bili ya hospitali.

Ukishajua upande, fuata njia hatua kwa hatua. Acha ncha nyeusi kwenye betri, sogeza nyekundu: kutoka bodi ya alteneta kwenda kwenye injini, kutoka injini kwenda kwenye bolti ya mkanda wa ethi, kutoka bolti kwenda kwenye chasi yenyewe, kutoka chasi kwenda kwenye kibanio cha betri. Namba itashuka kidogokidogo, halafu mahali fulani itadondoka ghafla. Hapo katikati ndipo alipo mwizi. Mimi nilisoma 1.3 kwenye bolti upande wa injini na 0.1 kwenye chasi, sentimita ishirini tu mbele.

Land Rover ina tabia yake hapa. Bodi ni aluminiamu, chasi ni chuma, na metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu huanza kulana. Unaona unga mweupe chini ya bolti. Kwa hiyo ethi iliyofungwa kwenye bodi usiiamini, ipeleke kwenye chasi. Fungua bolti, safisha kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae pande zote mbili na kichwa cha waya pia, funga kwa washa yenye meno, kisha paka grisi juu yake, si katikati. Kama nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi au za kijani, kata waya mpya. Waingereza humtania Joseph Lucas, mwenye jina lililoko kwenye vifaa hivi, kwa kumwita mkuu wa giza. Nadhani nusu ya giza hilo ni kutu ya kwenye bolti.

Upande wa moto wasumbufu ni plagi ya alteneta yenyewe, iliyolegea na kuyeyuka pembeni, na nati ya waya wa kahawia kwenye stata. Shika plagi baada ya safari ya usiku. Ikiwa ya moto kuliko waya wake, umeshampata. Na anayetaka kufunga alteneta kubwa ya ampia 65 kutoka gari jingine abadilishe na waya. Ule wa kiwandani uliwekewa hesabu ya 34.

Sasa unaweza kufungua alteneta

Ikiwa betri ni nzima, mkanda umekaza, njia zote mbili hazipotezi volti na bado hakuna chaji, fungua bila kusita. Fungua ethi ya betri kwanza.

Ondoa kifuniko cha nyuma. Kaboni mbili zinatoka kwa skrubu chache. Zikiwa zimebaki milimita 5 au chini ya hapo nje ya kiboksi chake, badilisha. Kaboni ndizo ugonjwa wa kawaida zaidi na wa bei ndogo zaidi, na hazihitaji riwaindi ya mtu yeyote. Ringi zinaposugulia zifute kwa kitambaa chenye petroli. Zikiwa nyeusi sana, msasa laini kabisa, ukizungusha.

Pima rota kwa omu kati ya ringi mbili: kwa 16ACR utapata kati ya 3 na 5. Mita isiposoma kitu, waya wa rota umekatika. Kisha pima ringi moja na bodi ya rota: hapo isisome chochote kabisa.

Kwa reguleta, rudisha kila kitu isipokuwa kifuniko, funga betri, washa injini ikiwa sailensa, na kwa kipande cha waya unganisha kiungo cha F cha reguleta na bodi ya alteneta. Sekunde chache tu, jicho likiwa kwenye mita. Volti zikipanda ghafla, rota na daiodi ni wazima na reguleta ndiyo iliyokufa. Zisipopanda, tatizo liko kwa daiodi au waya wa stata ya ndani (nyaya zilizosukwa ndani ya alteneta, si ile stata ya kuwashia injini), na hapo mpe kazi fundi wa kuriwaindi.

Daiodi zina kipimo cha ujanja. Geuza mita kwenye volti za AC, weka kwenye vichwa vya betri huku injini inazunguka na taa zinawaka. Ikisoma zaidi ya 0.5, kuna daiodi iliyoondoka. Redio inayolia kama mbu ukikanyaga mafuta inasema jambo hilohilo.

Wenye dinamo

Chomoa nyaya mbili za dinamo, D na F. Unganisha miguu hiyo miwili kwa kipande cha waya, mita kati yake na bodi ya dinamo, uwashe injini na kuipandisha polepole. Volti zinapaswa kupanda haraka bila kusita. Usiziache zipite 20. Zikipanda, dinamo nzima, tafuta kwenye katauti au nyaya. Zisipopanda, safisha kaboni na komuteta, ile ngoma ya shaba kaboni zinaposugulia. Visahani vya katauti visafishe kwa karatasi, usikunje vibao vyake kwa koleo, kwa sababu ukishakunja huwezi kujua vilikuwa wapi. Dinamo iliyokaa muda mrefu au iliyobadilishiwa ethi inahitaji kukumbushwa sumaku: waya wa F ukiwa umechomolewa, gusa mguu wa F kwa waya wa moto wa betri mara moja, cheche moja, basi.

Betri inayokufa usiku

Kama chaji inapima vizuri mchana lakini asubuhi betri imelala, kuna kitu kinakunywa. Zima kila kitu, funga milango, fungua kibanio cha hasi, weka mita kwenye ampia 10 kati ya kibanio na betri. Usiguse stata, utaunguza fyuzi ya mita. Gari la enzi hizo lisilo na kompyuta lisome karibu na sifuri. Redio ya kisasa inaruhusiwa miliampia chache. Zaidi ya 50, anza kuchomoa: plagi ya alteneta kwanza, halafu fyuzi mojamoja, ukitazama mita inaposhuka.

Baada ya kazi yote, endesha nusu saa, uache gari lilale, asubuhi upime tena kabla ya kugusa ufunguo. Andika namba na tarehe kwa kalamu ya maka ndani ya boneti. Yangu inasema 12.64, na mkanda wa ethi ulio chini yake ni wa shaba mpya. Alteneta ya kwanza, ile iliyoriwaindiwa, nimeirudisha mahali pake na ndiyo inayofanya kazi mpaka leo. Zile mbili ziko chini ya kiti, anayezihitaji aseme.